Je, wajua ini la samaki ndilo linaloikamilisha sumu ya chakula chenye ukungu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mabwawa ya kufugia trauti nchini Marekani yalikumbwa na balaa: samaki walikutwa na saratani ya ini. Uchunguzi uliishia kwenye chakula kikavu kilichochanganywa na mashudu ya pamba. Mashudu hayo yalikuwa na aflatoksini, ile sumukuvu inayotokana na kuvu aina ya Aspergillus, ambayo mwaka 1960 iliua batamzinga zaidi ya 100,000 huko Uingereza kupitia mashudu ya karanga.

La ajabu ni kwamba aflatoksini inapoingia tumboni bado haijawa kali. Damu huipeleka kwenye ini, na seli za ini hujaribu kuitoa kama zinavyotoa uchafu mwingine: vimeng'enya huibandika oksijeni ili iyeyuke kwenye maji. Hapo ndipo mambo huharibika. Kinachozaliwa ni kemikali isiyotulia, na isipodhibitiwa mara moja hung'ang'ania DNA ya seli ileile iliyoitengeneza. Dozi ikiwa kubwa, seli hufa. Ikiwa ndogo lakini ya kila siku, seli hujigawa zikiwa na makosa, na uvimbe huanza.

Ini la trauti ni hodari wa kuitengeneza kemikali hiyo na mzembe wa kuizima, ndiyo maana hata chini ya mikrogramu 1 katika kilo ya chakula huweza kumletea saratani. Sato ni mgumu zaidi, na kwa maoni yangu ugumu huo ndio unaomponza mfugaji. Samaki hawafi, wanadumaa tu, lawama anabebeshwa muuza vifaranga. Ukimpasua mmoja unaweza kukuta ini limepauka kuwa la manjano, limejaa mafuta, pengine lina madoa ya damu.

Pumba za mahindi na mashudu yaliyoshika unyevu stoo ndiyo makao ya kuvu huyu. Kuanika upya huzuia ukungu usiendelee kukua, lakini sumu hubaki palepale, na kuchemsha hakuiondoi. Wapo wanaoona hasara kutupa, wakawamwagia bata. Afadhali wangetupa: vifaranga vya bata ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kabisa na aflatoksini.