Kisogo bapa kwa mtoto mchanga: ya kujua kabla ya kuamua kuhusu kofia ya tiba

Wazazi wengi hufika kliniki na swali moja: kisogo cha mtoto kimelala upande mmoja, je, avalishwe kofia ya kunyoosha kichwa, au helmeti kama wengi wanavyoiita? Swali hilo halijibiwi kwa kumtupia mtoto jicho mara moja. Jibu linategemea umri wake, kiasi cha ubapa kilichopimwa kwa milimita, na hali ya shingo yake. Anayekushauri ununue kofia, au anayekukataza, bila kujua hayo matatu, anabahatisha.

Fuvu la mtoto mchanga ni vipande vya mifupa laini vilivyoshikana kwa maungio yasiyofunga, ili ubongo upate nafasi ya kukua. Kichwa kikiegemea mahali palepale saa nyingi kila siku, mfupa hukua upande wenye nafasi na kudumaa unapogusa godoro. Watoto wengi huzaliwa na kichwa cha mviringo mzuri, na ubapa huonekana wakiwa na wiki sita hadi nane. Hali hii imeongezeka tangu wazazi waanze kushauriwa kuwalaza watoto chali. Marekani ilianza kampeni yake mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua huko kwa takriban nusu. Kwa hiyo mtoto aendelee kulazwa chali kila anapolala, mchana na usiku, hadi atimize mwaka mmoja. Kisogo bapa hakiui. Usimlaze kifudifudi kwa ajili ya umbo la kichwa, wala usimwekee mto wenye shimo unaouzwa kwa kazi hiyo, kwa sababu mito kitandani mwa mtoto mchanga inaweza kumziba pumzi.

Kwanza, hakikisha tatizo ni mlalo

Msimamie mtoto kwa juu, nywele zake zikiwa zimelowa, utazame utosi wake. Ubapa unaotokana na mlalo hukipa kichwa umbo la msambamba: kisogo kimebonyea upande mmoja, sikio la upande huohuo limesogea mbele, na paji la uso la upande huohuo limejitokeza kidogo. Kama kisogo kizima kimelala sawasawa, kichwa huwa kipana na kifupi, na sehemu ya juu nyuma huinuka.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo kwa mbali, nayo ni ya hatari: maungio ya fuvu yamefunga mapema kuliko inavyotakiwa. Hapo kichwa kikitazamwa kwa juu huelekea umbo la trapeza. Sikio la upande bapa halisogei mbele, nyuma yake kuna nundu ngumu ya mfupa, na kidole kikipita juu ya ungio huhisi mshipi mgumu ulioinuka. Aghalabu umbo hilo huwapo tangu kuzaliwa, nalo huzidi hata mtoto akibadilishwa mlalo. Mtoto wa namna hii anahitaji daktari wa upasuaji wa fuvu mapema. Kumvalisha kofia ya kawaida kabla ya uchunguzi ni kosa kubwa, kwa sababu kofia huelekeza ukuaji, na ungio lililofunga halikui. Mpeleke mapema pia ikiwa utosi umevimba, mzingo wa kichwa unakua kwa kasi isiyo ya kawaida au umesimama, au mtoto anatapika na kulegea.

Picha za eksirei na CT hazihitajiki kwa kila mtoto. Kwa walio wengi, macho na vidole vya daktari mzoefu vinatosha.

Shingo ndiyo inayosahaulika

Watoto wengi wenye kisogo bapa wana shingo iliyokaza upande mmoja. Msuli unaotoka nyuma ya sikio kwenda kwenye mfupa wa kifuani umefupika, hivyo kichwa huinama upande wa msuli huo na uso hugeukia upande wa pili. Jaribu hivi: mlaze chali, mshike mabega kwa upole yasinyanyuke, kisha msogezee kitu kinachong'aa au uso wako kutoka kulia kwenda kushoto. Mtoto wa miezi mitatu anapaswa kukifuata kwa kichwa hadi kidevu kilingane na bega, pande zote mbili. Akiishia katikati upande mmoja na kuendelea kwa macho tu, au akigeuza kiwiliwili chote badala ya shingo, anahitaji mtaalamu wa fiziotherapia sasa, bila kungoja.

Jambo hili tunalisisitiza kwa sababu kofia hailegezi msuli. Mtoto wa shingo iliyokaza akivalishwa kofia bila mazoezi, siku ikivuliwa atarudia kuegemea upande uleule.

Kabla ya miezi minne: kazi ni ya mikono yenu

Katika umri huu kichwa hukua haraka: mzingo huongezeka takriban sentimita 2 kila mwezi katika miezi mitatu ya kwanza, kisha kama sentimita 1 kwa mwezi hadi mwezi wa sita, kisha nusu sentimita tu kwa mwezi hadi mwaka. Kasi hiyo ndiyo dawa yenyewe. Kila kinachoondoa uzito kwenye sehemu bapa hukipa kichwa nafasi ya kujaza.

Mlaze kifudifudi akiwa macho na mtu akimtazama. Anza tangu siku za mwanzo kwa dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku, kwenye sakafu iliyotandikwa au kifuani pako, na ongeza taratibu hadi afikishe jumla ya dakika 15 hadi 30 kwa siku akiwa na wiki saba. Akilia baada ya dakika moja, mnyanyue, kisha jaribu tena baadaye. Kinachohesabiwa ni jumla ya siku nzima. Kitambaa kilichoviringishwa chini ya kifua humsaidia asiyeweza kuinua kichwa.

Upande wa kitanda, badilisha kila usiku ncha anayowekewa kichwa, ili mlango, dirisha au uso wa mama umvute kugeukia upande usio bapa. Anayelishwa kwa chupa abadilishiwe mkono kila mlo. Kiti cha gari ni cha safari; mkifika, mtoe, kwa sababu humo kisogo kinabanwa kama kitandani.

Mtoto wa chini ya miezi minne aliye na ubapa wa wastani au mdogo, na shingo isiyo na tatizo, hahitaji kofia. Utafiti uliofanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia watoto wale wale tangu kuzaliwa: wenye kichwa bapa walikuwa asilimia 16 wakiwa na wiki sita, karibu asilimia 20 wakiwa na miezi minne, kisha wakashuka hadi asilimia 7 kwa mwaka mmoja na asilimia 3 kwa miaka miwili. Kilele ni mwezi wa nne. Mzazi anayetishwa mwezi wa tatu kwamba hali itaendelea kuharibika hajaelezwa ukweli wote.

Vipimo vya kudai

Usikubali kuambiwa tu kwamba kichwa "kimepinda sana". Mtaalamu hupima kwa kalipa (kifaa cha kupimia chenye taya mbili), au kwa skana ya 3D, urefu wa ulalo mmoja wa kichwa, yaani mstari wa mshazari kutoka paji la uso hadi kisogo cha upande wa pili, na wa ulalo wa pili, kila ulalo ukiwa nyuzi 30 kutoka mstari wa katikati. Tofauti yake hugawanywa kwa ulalo mmojawapo na kuzidishwa kwa 100. Kwa mfano, ulalo mrefu ukiwa milimita 140 na mfupi 130, tofauti ni 10. Ukigawanya kwa ulalo mrefu unapata asilimia 7.1, na kwa mfupi 7.7. Uliza wanatumia upi, na kila kipimo kifuate njia hiyohiyo, la sivyo mtaona maendeleo yasiyokuwapo.

Kipimo kinachotumika sana, kilichotokana na hospitali ya watoto ya Atlanta, husema hivi: chini ya 3.5 ni kawaida, hadi 6.25 ni kidogo, hadi 8.75 ni wastani, hadi 11 ni kikali, na zaidi ya hapo ni kikali mno. Kwa kichwa kipana, upana hugawanywa kwa urefu na kuzidishwa kwa 100. Ikizidi 90 hufuatiliwa kwa karibu. Pima leo, fanyeni kazi ya mlalo na shingo wiki nne hadi sita, kisha pima tena. Kipimo cha pili kina uzito kuliko cha kwanza, kwa sababu kinaonyesha kichwa kinaelekea wapi.

Kofia inafanya nini, na ushahidi unasemaje

Kofia haikandamizi kichwa. Ni gamba gumu la plastiki lenye sponji ndani, linalogusa sehemu zilizojitokeza na kuacha nafasi tupu juu ya sehemu bapa, ili ukuaji uelekee huko. Ndiyo maana huanza vizuri kati ya miezi minne na sita, huwa na nguvu ndogo baada ya miezi minane, na baada ya mwaka mmoja huleta mabadiliko madogo mno. Huvaliwa saa 23 kwa siku, kwa kawaida miezi mitatu hadi sita.

Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2014 liliwagawa kwa nasibu watoto 84 wa miezi mitano hadi sita, wenye ubapa wa wastani hadi mkali. Walipofikisha miaka miwili, waliopona kabisa walikuwa asilimia 26 kwa waliovaa kofia na 23 kwa wasiovaa: hakuna tofauti ya maana. Hata hivyo watoto wenye ubapa mkali mno na wenye shingo iliyokaza hawakuhusishwa, na kofia nyingi hazikukaa sawa kichwani. Mwongozo wa Congress of Neurological Surgeons, chama cha madaktari wa upasuaji wa ubongo na neva cha Marekani, wa mwaka 2016, unaipendekeza kofia kwa ubapa wa wastani hadi mkali unaobaki baada ya mlalo na fiziotherapia, au kwa mtoto aliyechelewa kuletwa.

Msimamo wetu: chini ya asilimia 6.25, hapana. Kati ya hapo na 8.75, familia inayochagua kungoja na inayochagua kofia zote zina hoja, na kipimo cha pili ndicho kiwe mwamuzi. Juu ya 8.75, mtoto wa miezi mitano au sita ambaye hajabadilika baada ya wiki sita za kazi ya kweli, kofia ni pendekezo la haki. Usikubali hoja kwamba bila kofia ubongo utadhurika. Ubapa wa mlalo haubani ubongo, na kofia haijaonyeshwa kuboresha ukuaji wa akili. Ni kweli watoto hawa huonekana mara nyingi zaidi wakiwa na uchelewaji wa kutumia viungo, kwa hiyo wachunguzwe ukuaji wao. Tiba ya uchelewaji huo ni mazoezi na michezo.

Mkiamua kuvalisha

Anza polepole: siku ya kwanza avae kwa muda wa saa moja, kisha akae bila kofia kwa saa moja; ya pili avae kwa saa mbili; ya tatu saa nne; ya nne saa nane; kisha saa 23. Kila inapovuliwa tazama ngozi. Wekundu unaofifia ndani ya saa moja ni wa kawaida. Usiofifia, au ngozi iliyochubuka, maana yake kofia inagusa pasipofaa: ivue na rudi kwa fundi siku hiyo au kesho yake. Usijaribu kuikata wala kubandika kitambaa ndani mwenyewe. Ikizunguka kichwani imelegea, na kofia iliyolegea husukuma mahali pasipo pake.

Saa ile moja ya kuvua ni ya kuoga. Osha kichwa, kikauke kabisa, na usipake mafuta wala poda chini ya kofia. Pangusa sponji kwa spiriti ya asilimia 70, kisha iache ikauke kwa hewa. Harufu mbaya karibu kila mara hutokana na kofia iliyovalishwa ikiwa na unyevu. Mtoto akipata homa, ivue hadi homa iishe. Usiku bado alazwe chali.

Marudio ya kliniki ni kila wiki moja hadi tatu, kwa sababu kichwa kinakua na sponji lazima ipunguzwe kukifuata. Familia isiyoweza kufika marudio hayo iseme mapema kabla ya kulipia, kwani kofia isiyorekebishwa hugeuka kizuizi cha ukuaji. Na kama vipimo viwili mfululizo havionyeshi badiliko, uliza waziwazi kama ni wakati wa kuacha.