Fankisheni Maalumu katika Fortran: Hakiki Haya Kabla ya Kulalamikia Kompaila

Malalamiko ya "kompaila imekosea" yameongezeka katika kitengo chetu (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) tangu watumiaji wengi wahamie kwenye fankisheni za ndani, yaani zilizojengwa ndani ya lugha yenyewe, zilizoletwa na kiwango (kanuni rasmi) cha Fortran 2008, lugha ya programu za hesabu: GAMMA, LOG_GAMMA, ERF, ERFC, ERFC_SCALED na familia ya BESSEL. Kuhama huko tunakuunga mkono. Lakini mengi ya malalamiko hayo hayaihusu kompaila.

Kiwango kinaeleza maana ya jibu. Usahihi wake kimemwachia mtengenezaji wa kompaila. Hakuna mahali kilipoahidi tarakimu 16. Mashine mbili zikitofautiana kwenye tarakimu ya mwisho, hakuna kanuni iliyovunjwa.

ERF ni fankisheni ya kosa, na ERFC ni kijalizo chake, 1 - ERF. Tafadhali acheni kuandika 1 - ERF(x). Kwa usahihi maradufu (tarakimu 16 hivi), ERF(6) ni 1 kamili, hivyo mnabaki na sifuri, ilhali ERFC(6) inatoa takriban 2.15 × 10⁻¹⁷. Ikifika x = 28, hata ERFC huwa sifuri kwa kuwa jibu ni dogo mno kuhifadhiwa; hapo tumieni ERFC_SCALED, iliyokwisha kuzidishwa kwa exp(x²). GAMMA nayo hufurika (jibu huwa kubwa mno kuhifadhiwa) kuanzia 172, na kwa usahihi wa kawaida (tarakimu 7 hivi) kuanzia 36 tu. Tumieni LOG_GAMMA, inayotoa logi ya ukubwa wa GAMMA, mkikumbuka kwamba kwa hoja (thamani inayopewa fankisheni) iliyo hasi, alama ya GAMMA, chanya au hasi, haionekani.

Linalotusumbua zaidi ni Bessel. Wengi hukokotoa fankisheni za Bessel J₀(1) na J₁(1), kisha hupanda kwa Jₙ₊₁ = (2n/x)Jₙ − Jₙ₋₁ hadi J₁₀(1). Kila hatua hukuza kosa la mwanzo: kufikia n = 10, kosa lililo katika J₁ limezidishwa 146,181,170. Kosa la kukadiria la 2.8 × 10⁻¹⁷ huwa takriban 4 × 10⁻⁹, na jibu sahihi ni 2.63 × 10⁻¹⁰ tu. Mnachochapisha ni kosa lenyewe. n ikizidi x, shukeni kutoka n kubwa au iteni BESSEL_JN moja kwa moja.

Na BESSEL_J0(0.1) haiwi ya usahihi maradufu kwa sababu tu mmeiweka kwenye kigeu cha real64 (aina ya usahihi maradufu); 0.1 peke yake ni ya usahihi wa kawaida. Andikeni 0.1_real64.

Anayeendelea kuona hitilafu awasilishe toleo la kompaila, chaguo zote mlizoipa kompaila, aina ya hoja, na hoja pamoja na jibu vilivyochapishwa kwa ES24.16, muundo unaotoa tarakimu 17. Picha ya skrini haipokelewi. Ombi lenye pungufu hurudishwa bila kufunguliwa, na likiletwa upya huanza mwisho wa foleni.