"Mbona Anaongea Tu?" Maswali na Majibu Kuhusu Kuanguka Saiti

Nafanya kazi chumba cha majeruhi huku Nyanda za Juu Kusini. Kila ujenzi unaposhika kasi tunaletewa mafundi na saidia fundi walioanguka, na wengi wanaletwa kesho yake. Maswali haya nayasikia kwa wenzao wanaowasindikiza.

Jeraha la kichwa ni lipi?
Ni madhara ya fuvu au ubongo baada ya kugongwa au kuanguka. Si lazima damu itoke. Si lazima mtu azimie.

Ameanguka toka juu ya jukwaa, ameinuka mwenyewe, anaongea vizuri. Si yuko salama?
Hapana. Kuongea si kipimo. Juu ya sikio, kwa mbele kidogo, ndani ya fuvu unapita mshipa wa damu. Fuvu likipata ufa pale, mshipa unaweza kuchanika na damu ikajikusanya taratibu kati ya fuvu na ubongo. Mwanzoni mtu anaongea, anatafuta simu yake, anataka arudi kumalizia kozi ya mwisho ya matofali. Saa chache baadaye damu imeubana ubongo, amelala na haamshiki. Tunaambiwa, "Jana jioni alikuwa mzima kabisa." Hakuwa mzima. Alikuwa anaongea.

Basi apumzike kwanza, akizidiwa tumlete?
Hapana, na nitarudia hata mkichoka kusikia. Aliyeanguka toka kimo kinachozidi mita 1 aletwe siku hiyo hiyo, hata kama anacheka. Akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akisinzia ovyo, akichanganya maneno, akipata degedege, au akitokwa damu au maji masikioni na puani, msimalize hata kumwaga zege. Ukingoja hadi saa nne usiku uko Chunya, gari la kumfikisha Mbeya kwenye CT scan (mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa) na daktari wa upasuaji utalitoa wapi? Saa nne asubuhi lilikuwepo.

Ulanzi kidogo wa kumtuliza?
Msimpe. Wala komoni. Pombe inaficha dalili zile zile tunazozitafuta. Anasinzia, mnasema amelewa. Diklofenaki na aspirini za duka la dawa nazo muache, zinaweza kuongeza kuvuja damu.

Tumbebeje?
Si kwa bodaboda, tafadhali sana. Naona mgonjwa amepakiwa mshikaki, katikati ya dereva na rafiki yake, shingo inayumba kila tuta. Mfupa wa shingo au mgongo ukiwa umevunjika, safari hiyo inaweza kukata neva za uti wa mgongo, zinazopita ndani ya mifupa hiyo, zilizokuwa bado nzima. Aliyekuwa anachezesha vidole vya miguu pale saiti anafika kwetu havichezi tena.

Mwacheni alale alipo, msimkalishe, msimpe maji. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kikae usawa na kiwiliwili. Wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo, wamweke juu ya ubao mpana au mlango, kisha apakiwe kwenye pikapu akiwa amelala. Akitapika, mgeuzeni wote kwa pamoja alalie ubavu.

Si tuanze polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi?
Hospitali kwanza. Mmoja wenu aende polisi wakati mgonjwa yuko njiani.

Na aliyekanyaga msumari?
Maji mengi na sabuni, kisha aje achomwe chanjo ya pepopunda. Mafuta ya taa na ya breki hayatibu chochote.

Tuzuie vipi?
Mirunda iwe mikavu isiyo na ufa, mbao zisichezecheze, na pawe na mti wa kujizuia kiunoni. Asubuhi za ukungu na mvua mbao zinateleza, subirini zikauke. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Kofia ya sufu inazuia baridi ya Juni tu. Nondo ikidondoka toka ghorofani inataka kofia ngumu.

Amepimwa, ameruhusiwa. Tumpeleke getoni kwake?
Asilale peke yake kwa saa 24. Awepo mtu wa kumwamsha usiku na kumuuliza jina lake na yuko wapi. Akijibu hovyo au akiwa mgumu kuamka, mrudisheni usiku ule ule. Jukwaani asipande mpaka daktari amruhusu.