Kuvunja zege kuukuu mji wa kale Lamu: angalia kwanza ukuta wa jirani

Sisi watu wa uhifadhi tukipita mitaa ya Mkomani na Langoni, mafundi wanatuuliza sana jakihama ipi nzuri kuvunjia zege. Jamani, mashine ndo swali la mwisho. Kwanza tuambie hilo zege limeshikana na nini, manake nyumba za hapa ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene lakini laini, na mara nyingi ukuta mmoja unabeba nyumba mbili. Mtetemo wa jakihama hauishii kwenye zege, unaingia ukutani, chokaa inaachia, boriti zinalegea kwenye matundu yake, na we unashtukia jirani anakugongea mlango zidaka zake, vile vishubaka vya ukutani, zimemwagika chini.

Zege lina udhaifu mmoja. Ukilikandamiza linahimili sana, ila ukilivuta nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Kwa hivo usilipondeponde katikati, utachoka bure, tafuta njia ya kulipinda au kulitanua lipasuke lenyewe.

Sakafu iliyomwagwa juu ya mchanga ndo rahisi kabisa. Chimba mchanga chini ya ukingo, ingiza mtaimbo, inua kidogo uweke jiwe, halafu piga kwa nyundo kubwa karibu na ukingo, hapo chini pako wazi kwa hivo linapasuka kwa mapigo machache, unaenda hivo hivo kipande kwa kipande. Ukifika karibu na ukuta acha nyundo kubwa, kata kwa grainda au tindo ili kipande kitengane na ukuta kabla hujakigusa.

Zege nene, mfano msingi wa tangi au wa jenereta, toboa matundu kwa mstari uweke kabari za chuma kati ya vibati viwili, ugonge kila moja kidogo kidogo kwa zamu. Kuna pia unga wa kupasulia, unachanganywa na maji baridi unamiminwa kwenye matundu, kesho yake unakuta nyufa na hakuna kelele wala mtetemo. Mzee yeyote aliyewahi kuzima chokaa ataelewa, maana kazi yenyewe ni ile ile ya chokaa mbichi kunywa maji ikafura. Lakini usichungulie tundu hata kidogo! unga unaweza kuruka kwa nguvu ukakutoa jicho. Na kwa slabu nyembamba ya sentimita 10 ni kupoteza pesa tu.

Wapo wanaowasha moto juu ya zege halafu wanamwaga maji. Hapana. Unyevu wa ndani unageuka mvuke, vipande vinaruka.

Slabu ya juu, yaani ya ghorofa au ya paa, ni hadithi nyingine, hiyo usiiguse bila mhandisi na bila kuweka mihimili chini, na nondo usizikate mapema hata kama zimeoza. Huku kwetu zinaoza haraka, chumvi ya hewa na mchanga wa bahari uliochanganywa na simiti vinazila, kutu inafura inapasua zege kutoka ndani, kwa hivo unaloliona zima huenda linaning'inia tu.

Plasta ya simiti kwenye ukuta wa matumbawe gonga kwanza usikilize. Palipo na mlio wa uwazi anzia hapo, tindo ilale, usiisimamishe. Ikiwa imeng'ang'ania mpaka inatoka na jiwe, iache, tutafute dawa nyingine. Ukimaliza ukuta uachwe ukauke vizuri, halafu upigwe plasta ya chokaa sio simiti tena, manake simiti inafungia unyevu ndani.

Vumbi la zege lina mchanga laini unaoharibu mapafu moja kwa moja, leso ya kujifunga puani haitoshi, nunua barakoa ya N95 na uwe unanyunyizia maji.

Halafu kifusi. Mita moja ya mraba ya slabu ya sentimita 10 ni kama kilo 240, ukimbebesha punda kilo 50 ni safari tano, kwa hivo panga na wenye punda mapema badala ya kumlundikia mnyama mmoja. Kifusi kisitupwe mikokoni wala ufukweni, kinajaza vizuri chini ya sakafu mpya, na nondo wanunuzi wa vyuma chakavu watakuja kuzichukua wenyewe.