Oili ya Gia Boksi Haipimwi Kama ya Injini, Jamani

Wiki iliyopita Jumanne, saa moja kasoro asubuhi, baridi ya Julai hii ya Mbeya ambayo hata jogoo anaahirisha kuwika, simu ikaita.

"Fundi, umenijazia haidroliki kupita kiasi. Nimechomoa dipstiki hapa, imepita HOT vidole viwili." Haidroliki ndivyo anavyoiita oili ya gia boksi ya otomatiki; dipstiki ni kijiti cha kuipimia, na HOT ni eneo la alama kwa oili ya moto.

"Mwalimu, gari umeiwasha?"

"Hapana, ndiyo kwanza naamka. Nilitaka niipime ikiwa imetulia."

Ikiwa imetulia! Mwaka huu nimelisikia hilo neno kwa dereva wa teksi, kwa mama mmoja mwenye Noah, kwa kijana anayejiita fundi umeme, na sasa kwa mwalimu wa fizikia. Nikamwambia asiguse kitu, alete gari ikiwa ya moto nimwonyeshe. Akasema sawa. Alhamisi akaja na Toyota IST yake, ukiweka D, gia ya kwenda mbele, unamaliza kusalimiana ndipo gia inashika, na kwenye mwinuko wa Mlima Nyoka injini inalia huku gari imesimama. Kumbe jirani yake alimletea mtu, akafungua bolti ya chini, akapunguza mpaka dipstiki ikasoma vizuri. Gari ikiwa imezimwa, ikiwa baridi. Kwenye buti alinibebea chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa oili nyekundu, safi, niliyoiweka mimi siku nane kabla.

"Hii ndiyo iliyozidi," ananiambia, tena kwa upole kabisa.

Sikilizeni. Oili ya injini, ukizima gari, yote inateremka kwenye sampu, lile karai la chini, na kutulia, ndiyo maana unaipima imezimwa. Gia boksi ya otomatiki ni habari nyingine. Pampu yake inazungushwa na injini. Injini ikiwa inanguruma, pampu imeshanyonya oili ya kutosha kutoka kwenye sampu: nyingine ipo kwenye konveta, inayounganisha injini na gia boksi, nyingine kwenye valvu bodi, inayogawa presha ya oili, nyingine nyuma ya pistoni za klachi, nyingine ipo njiani kwenda kwenye rejeta na kurudi. Kilichobaki kwenye sampu ndicho dipstiki inachokisoma, na zile alama zilichorwa kwa hali hiyo. Ukizima, pampu inasimama, oili inaanza kuteremka. Ukiilaza gari usiku kucha, hata konveta inachuruzika kidogo kidogo. Asubuhi unachomoa dipstiki unakuta imepita HOT. Haijazidi. Imerudi nyumbani kulala, kama wewe.

Halafu kuna joto. Gia boksi ya IST, kavu kabisa, inabeba lita sita na ushee. Kutoka digrii 15 za asubuhi mpaka digrii 80 za kazini, oili hiyo inatanuka kwa kama mililita 300. Karibu chupa ya soda, bila wewe kuongeza hata tone. Kwenye dipstiki, chupa ya soda ndiyo tofauti ya "iko safi" na "mungu wangu".

Sasa tazameni mchezo unavyochezwa, maana hapa ndipo panaponiudhi. Gari baridi inasoma chini. Gari iliyozimwa inasoma juu. Anayepima ikiwa baridi na imezimwa amefanya makosa mawili yanayovutana, na kwenye gari nyingine siku nyingine yanamalizana, anapata jibu lililo karibu na ukweli. Ndiyo maana uzushi huu haufi! Ninaye mwenzangu, mtu mzima, mikono yake naiheshimu kwenye injini za dizeli, amepima hivyo miaka na miaka na ananijibu, "Mbona hazijafa?" Kweli, nyingine hazijafa. Zilizokufa hazikurudi kwake, zilikuja kwangu.

Anayenitisha zaidi ni yule anayejua nusu. Ameambiwa awashe, akawasha, lakini gari ni ya baridi na macho yake yako kwenye HOT. Huyu kosa lake halina mpinzani wa kulivuta upande wa pili. Anaona pungufu, anaongeza. Kesho yake anateremka Kyela, anarudi kupanda Isongole, oili imetanuka, imefika kwenye vyuma vinavyozunguka, inapigwa kama mayai ya chipsi zege, inakuwa povu. Povu ni hewa, hewa inabonyea, presha haisimami, pleti za klachi zinateleza. Dalili hizo ni zile zile za oili pungufu. Kwa hiyo anaongeza tena. Nimewahi kupokea gari inatapika oili kwenye tundu la kupumulia na mwenyewe anashawishika kwamba sili, mpira wa kuzuia oili, imekufa.

Alama ya COLD, ya oili baridi, ipo, ndiyo. Kazi yake ni kukusaidia ukishamwaga na kujaza, uweze kuwasha na kuendesha mpaka ipate moto bila kuiua pampu. Haitoi hukumu.

Mimi nafanya hivi. Nikishafunga bolti, namimina karibu kiasi kilichotoka, nawasha, mguu kwenye breki na hendibreki juu, napitisha gia zote kutoka P ya kuegesha mpaka L ya nguvu, kila moja sekunde chache, narudi P. Natazama COLD kwa haraka, naongeza kama inahitaji. Kisha namwambia mteja apande, twende Uyole turudi. Kuiacha ikinguruma kwa sailensa, bila kukanyaga mafuta, gereji dakika kumi hakutoshi, hasa miezi hii. Ile mishale ya joto kwenye dashibodi inasoma maji ya injini, na gia boksi inachelewa nyuma yake sana. Tukirudi, sehemu tambarare, injini bado inawaka, napitisha gia tena, naweka P, ndipo nachomoa. Tambarare namaanisha tambarare. Gereji nusu ya mji huu ziko kwenye mteremko na mtu anabishania milimita tatu. Ila ukitoka kupanda mlima mrefu na mzigo, usipime hapo hapo; iache ipoe kama nusu saa, maana ikipita joto la kawaida nayo inadanganya.

Kusoma dipstiki yenyewe ni kazi. Oili mpya ni angavu, na ulipoimimina kwa bomba la dipstiki imelowanisha kuta zote. Unachomoa mara ya kwanza, kijiti chote chekundu mpaka juu. Futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa, tazama pande zote mbili. Mara nyingi upande mmoja unasoma juu na mwingine chini. Amini wa chini, kwa sababu wa juu umejipaka ukutani. Nikiona pande hazipatani kabisa nasubiri dakika chache nirudie, na nalaza kijiti kwenye karatasi nyeupe nione ukingo wa rangi unaishia wapi. Usifutie soksi wala tambara linaloacha nyuzi. Uzi mmoja kwenye valvu bodi unaweza kukuletea mgeni usiyemjua.

Kuna wanaosema kupima ni kupoteza muda, umetoa lita tatu, weka lita tatu. Nusu wako sahihi, na mimi naanzia hapo hapo. Kwanza, ukimwaga kwenye bolti ya IST hutoka kama lita tatu tu, nyingine zinabaki kwenye konveta, kwa hiyo msishangae kitabu kinasema sita. Pili, uliyoimwaga ilikuwa ya moto: lita tatu za moto zikipoa zinakuwa pungufu kwa mililita 150 hivi, na unayomimina ni baridi. Hilo ni dogo. La tatu ndilo kubwa: nani alikuambia ilikuwa sahihi kabla hujaimwaga? Gari ilikuwa inavuja miezi sita, umetoa pungufu, umerudisha pungufu, kwa uaminifu mkubwa.

Honda wana dini yao. Gari ya moto, unazima, unapima kati ya sekunde ya 60 na ya 90. Baadhi ya Jeep na Mitsubishi wanataka N, gia huru, badala ya P. Soma kitabu, au soma dipstiki yenyewe, mara nyingi imeandikwa, na aina ya oili pia. Anayeniambia "ATF ni ATF tu", yaani oili yoyote ya gia boksi ya otomatiki inafaa, sina muda naye leo.

Zile zisizo na dipstiki, Toyota nyingi za karibuni, ndizo zinazoninyima usingizi. Humo kuna kijibomba ndani kwenye tundu la chini; unajaza mpaka inamwagika, unawasha, unasubiri oili ifike digrii 40 na kitu, unafungua, inayozidi inachuruzika, ikibaki matone unafunga. Kwenye karatasi ni rahisi. Ukifungua ikiwa na digrii 80, imetanuka, itamwagika hata isiyotakiwa kumwagika, na utafunga ukiwa umeridhika na gia boksi yenye njaa. Ukifungua imezimwa, tumerudi kule kule kwa mwalimu. Na hiyo digrii 40 unaipata wapi? Mashine ya kusomea kompyuta ya gari inakupa joto la sensa, kipimajoto cha ndani ya gia boksi. Wasio nayo wanaelekeza bastola ya joto, kipimajoto kisichogusa, kwenye sampu, na mimi nilifanya hivyo muda mrefu. Siku moja nikazitumia zote mbili pamoja: asubuhi yenye upepo, bastola ilisoma digrii saba chini ya sensa. Tangu hapo naifuata sensa, lakini sitawadanganya, zile gari nilizofunga kwa bastola huwa nazikumbuka nikilala. Hazijarudi. Sijui nifurahi au niogope.

Turudi kwa mwalimu. Oili ya kwenye chupa sikuirudisha. Chupa ilikuwa ya maji, na maji hata kidogo yanabandua zile karatasi za kwenye pleti. Nilimwekea mpya, lita moja na robo, tukaenda Uyole, tukarudi, nikamwita achomoe dipstiki mwenyewe injini ikiwaka. Ilisimama katikati ya HOT. Nikazima, tukanywa chai, nikamwambia achomoe tena. Ilikuwa imepanda juu ya alama. Akakitazama kile kijiti muda mrefu.

"Kwa hiyo Jumanne ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa, mwalimu."

D ilishika bila kuchelewa. Lakini ile oili iliyokuwa na siku mbili tu za njaa ilitoka na harufu kidogo ya kuungua, na pleti zikishaungua hazisikii oili mpya. Nilimwambia arudi baada ya wiki mbili tuitazame rangi. Zimebaki siku nne. Jana nilimpigia kumkumbusha, akasema gari inakwenda vizuri sana, ila asubuhi hiyo alichungulia dipstiki.

Sikumuuliza injini ilikuwa inawaka au la. Niliogopa jibu.