Je, wajua kwa nini "dude" la Kiingereza lilianza kama kejeli?

Kwa msomaji wa Kiswahili neno hili lina mtego. Ukiliona limeandikwa unasoma du-de: kitu kikubwa kisichojulikana jina. Lile la Kiingereza hutamkwa "duud" na halina undugu wowote na letu. Wengi tumelijulia kwenye filamu, na tumezoea kulifasiri kwa neno moja tu, "jamaa". Kwa matumizi ya leo tafsiri hiyo inafaa. Lakini kijana wa New York aliyeitwa hivyo mwaka 1883 alijua kwamba anachekwa.

Januari mwaka huo gazeti la World la New York lilichapisha shairi la kuwakejeli vijana wa kitajiri waliovaa suruali za kubana na kola ndefu ngumu, huku wakiigiza lafudhi ya London. Neno likashika kasi, na katika miezi michache magazeti ya Marekani yakawa hayaandiki kitu kingine. Huku kwetu kijana wa aina hiyo angeitwa bishoo au sharobaro, na dharau ingekuwa ileile. Aliyepewa taji la ufalme wao ni Evander Berry Wall. Inasimuliwa kwamba huko Saratoga alibadili nguo mara 40 kwa siku moja ili ashinde dau.

Lilitoka wapi? Barry Popik na Gerald Cohen, watafiti waliopekua magazeti mengi ya zama hizo, wanalihusisha na "doodle" ya wimbo wa Yankee Doodle. Katika karne ya 18 askari wa Uingereza waliuimba wimbo huo kumcheka mshamba wa Marekani anayechomeka unyoya kofiani akadhani amekuwa mtanashati wa London. Hoja yao inaniridhisha, kwa sababu anayechekwa ni yuleyule: Mmarekani anayejipamba ili afanane na Waingereza.

Magharibi ya nchi neno likapata maana ya pili. Sisi tuna "mshamba" kwa anayeduwaa mjini. Wachunga ng'ombe wa Dakota na Wyoming walihitaji jina la mtu wa mjini anayeduwaa porini, na "dude" likawafaa. Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais, alionekana hivyo alipofika Dakota mwaka 1883 na miwani yake. Baadaye watu hao wa mjini wakawa biashara. Walipanda treni na kulipa ili wakae kwenye ranchi na kupanda farasi, na wenye ranchi hizo wakaunda chama chao mwaka 1926. Mpaka leo ranchi za watalii zinaitwa "dude ranch", bila mtu kuudhika.

Mgeuko mkubwa ulitokea miaka ya 1930 na 1940. Vijana weusi na wenye asili ya Meksiko katika miji ya Marekani walivaa suti pana za mabega makubwa, wakajivunia mavazi yao, na wakaitana "dude" kwa heshima. Hapo ndipo kejeli ilipokufa, na nadhani sifa za kazi hiyo ni zao, ingawa mara nyingi hupewa vijana wa California wanaocheza na mawimbi ya bahari kwa ubao. Hao walilipokea baadaye, kisha filamu za miaka ya 1980 zikalisambaza duniani.

Sasa maana iko kwenye sauti. Likivutwa sana ni mshangao au sifa. Likikatwa ghafla ni onyo: "wee, acha!" Likishushwa taratibu ni pole. Mwanaisimu Scott Kiesling wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh aliandika mwaka 2004 kwamba linabeba urafiki na umbali kwa pamoja: tuko karibu, lakini si kwa mahaba. Ndiyo maana mtu humwambia mwenzake wa darasani kwa urahisi, ila si mpenzi wake wala mkuu wake wa kazi.

Kati ya visawe vyake, "guy" ndilo pacha wake wa kweli. Linatokana na Guy Fawkes, aliyekamatwa mwaka 1605 katika njama ya kulipua bunge la Uingereza. Kila tarehe 5 Novemba Waingereza walichoma sanamu yake iliyovalishwa matambara, kisha "guy" likawa jina la mtu yeyote aliyevaa hovyo. Kwa hiyo mmoja alichekwa kwa kuvaa vibaya, mwingine kwa kujipamba kupita kiasi, na wote wawili wameishia kuwa "jamaa". Mengine yana njia fupi zaidi. "Bro" ni kaka aliyefupishwa. "Chap" alikuwa mteja wa mchuuzi. "Mate" utalisikia Uingereza na Australia kuliko Marekani. "Man" lina uzito wake: wanaume weusi wa Marekani, waliokuwa wakiitwa "boy" hata uzeeni, waliitana hivyo na kurudishiana utu uzima wao.

Na wanawake? Zamani za ranchi waliundiwa neno lao, "dudine". Halikudumu. Leo wasichana wa California huitana "dude" wao kwa wao, na kundi la wanawake pekee huitwa "you guys".