Je, wajua kwa nini wiski kali hunukia zaidi ikitiwa maji?

Chai ukiiongeza maji inapwaya. Mchuzi ukiuongeza maji, wageni watakutazama tu wasiseme kitu. Sasa mbona wiski changa ya Uskoti, ile inayotoka pipani na kutiwa chupani bila kupunguzwa makali, hufumuka harufu pale tu inapopata kijiko cha maji?

Ninayoizungumzia ni wiski ya kimea cha shayiri kitupu, iliyokenekwa, yaani kuchemshwa na mvuke wake kupozwa, katika kiwanda kimoja. Kisheria haiwi wiski ya Uskoti mpaka ikae hukohuko, ndani ya mapipa ya mwaloni, miaka isiyopungua 3, na ikifika chupani kileo kisiwe chini ya asilimia 40. Nyingi hupunguzwa kwa maji kiwandani hadi 40, 43 au 46. Chache huachwa na nguvu zao za pipani, na hapo ndipo umri unapoonekana. Viwanda vingi hujaza pipa kileo kikiwa asilimia 63.5. Kila mwaka kiasi fulani, kama asilimia 2 hivi, huvukia kupitia mbao, na Waskoti hukiita fungu la malaika. Kwa ubaridi na unyevu wa kwao, kileo hutoroka zaidi kuliko maji. Kwa hiyo wiski ya miaka 5 au 6 bado inakaribia 60, wakati mzee wa miaka 30 anaweza kuwa ameshuka hadi arobaini na kitu.

Watu walizoea kudhani kwamba uchanga ni kasoro. Kiwanda cha Ardbeg, kisiwani Islay, kilisaidia kubadilisha mawazo hayo, tena kwa kulazimika. Kilifungwa 1981, kikarudi kwa kusuasua, kikafungwa tena 1996, kisha kampuni ya wiski ya Glenmorangie ikakinunua 1997. Wiski iliyokenekwa 1998 ilikuwa bado mtoto, lakini wapenzi wake hawakuwa na subira. Mwaka 2004 ikatolewa ikiwa na miaka 6, kwa nguvu ya pipa, ikaitwa Very Young. Zikafuata Still Young 2006, Almost There 2007, na Renaissance 2008 ilipotimiza miaka 10. Ukizipanga, ni kama picha za mtoto yuleyule za kila mwaka wa shule.

Turudi kwenye glasi. Mara ya kwanza nilitumbukiza pua kama mtu anayefunua sufuria ya pilau. Machozi yalinitoka, na sikunusa chochote zaidi ya moto. Moto huo si lugha ya kupamba. Kwenye pua na mdomo tuna vipokezi vinavyotambua joto la kuunguza, na ndivyo hivyohivyo vinavyowashwa na pilipili. Kwa kawaida hushtuka joto likipita nyuzi 42 hivi. Kileo hukishusha kiwango hicho hadi karibu 34, yaani chini ya joto la mwili wako mwenyewe. Ulimi unalia kuungua kwa joto lake wenyewe! Maji yakipunguza kileo, kelele hiyo hupoa na pua inapata nafasi ya kusikia mengine.

Lakini kuna jambo la pili, na kwangu ndilo tamu zaidi. Shayiri ya Islay mara nyingi hukaushwa kwa moshi wa piti, udongo mweusi wa vinamasi uliokatwa na kuanikwa. Moshi huo huacha gwayakoli, mojawapo ya kemikali zinazotoa harufu ya moshi. Mwaloni uliochomwa nao huitoa. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Uswidi, Karlsson na Friedman, walitumia kompyuta kuiga mchanganyiko wa maji, ethanoli (ndiyo kileo chenyewe) na gwayakoli. Kileo kilipokuwa hadi asilimia 45, gwayakoli ilijikusanya juu, mpakani na hewa. Kilipozidi 59, molekuli za ethanoli ziliizunguka na kuivuta chini. Na wiski yetu changa iko hapohapo karibu na 60: moshi upo, ila umezama. Hesabu yao ilikuwa na vitu vitatu tu, ilhali wiski halisi ina mamia, kwa hiyo isichukuliwe kama msahafu. Hata hivyo inalingana na kile pua inachokisema.

Maji kiasi gani, basi? Chukua mililita 25 za wiski yenye asilimia 60. Kuifikisha 45 unahitaji mililita 8 na kidogo, hata vijiko viwili vya chai havitimii. Usiyamwage yote kwa mpigo. Nusa kwanza ikiwa kavu, pua iwe juu ya ukingo na mdomo wazi kidogo, halafu tia matone machache, subiri dakika moja, nusa tena. Mara nyingi kinachojitokeza kwanza ni uji wa nafaka na peari, harufu za utoto ambazo pipa halijazifunika, moshi hufuata. Ikiwa haikupozwa na kuchujwa mafuta yake kiwandani, utaona ukungu mwepesi ukielea kwenye glasi. Ni mafuta ya wiski yenyewe, yanayoshindwa kuyeyuka kileo kinapopungua, wala haijaharibika.

Wachanganyaji wa viwandani huishusha hadi karibu 20 wanapoinusa kazini, kwa sababu wao wanatafuta kasoro. Mimi nilifika huko siku moja kwa kuponyokwa na jagi, nikanusa vizuri ajabu, kisha nikanywa maji ya shayiri.